Nemets, Niemiec, Němec: kwanini Waslavi karibu wote wanamwita Mjerumani "bubu"? Uzi mrefu kidogo, vuta kiti

Mzee_wa_Podfak

Wakuu habari za jioni. Kuna mtu kule jukwaa la lugha aliuliza kwanini Mrusi nchi anaiita Germaniya kama dunia nzima lakini mwenye nchi anamwita nemets, wakamtania tu mpaka uzi ukafungwa. Nimeona nilete huku peke yake maana hili neno ni tamu, ukilifuata linakutoa Moscow linakupitisha Budapest na Istanbul mpaka linakuja kukutua Cairo.

Tuanze na lenyewe. Kirusi ni nemets kwa mmoja, nemtsy wakiwa wengi. Kipolandi Niemiec, Kiukraini nimets, Kicheki Němec, Kislovakia na Kislovenia Nemec, Kikroatia Nijemac, Kiserbia Nemac. Hata Wasorbi, ile jamii ndogo ya Waslavi iliyobaki ndani ya Ujerumani yenyewe kule mashariki upande wa Bautzen na Cottbus, wanasema Němc, yani wanaishi katikati ya Wajerumani na bado wanawaita hivyohivyo. Hizi lugha zimeachana zaidi ya miaka 1000 sasa, ukikuta zote zina neno moja na kila moja imelipindisha kwa sauti zake ujue lilikuwepo tangu hazijagawanyika.

Sasa chukua neno la bubu kwenye lugha hizohizo. Kirusi nemoy. Kipolandi niemy. Kicheki němý. Kikroatia nijem. Kibulgaria nyam. Mzizi ni uleule, ukichukua bubu ukamuongezea kiambishi cha kutaja mtu unapata nemets, kwa hiyo kwa tafsiri ya kavukavu nemets ni "mtu bubu".

Mimi hili niliambiwa na mwalimu wetu wa podfak, Voronezh (kwa wasiojua podfak ni ule mwaka wa kwanza wa kunyweshwa Kirusi kabla hujaanza chuo). Darasani alikuwepo kijana mmoja wa Ulaya ya kati akauliza kama ni tusi. Mwalimu akasema hapana, hakuna Mrusi anayefikiria ububu akisema nemets, masikio yalishazoea. Na ni kweli, nemets leo ni neno la kawaida kabisa, lipo kwenye magazeti na kwenye vitabu vya shule. Wakitaka kutukana wana maneno mengine, nayajua, siyaweki hapa.

Nitaendelea, kuna uhondo zaidi.

Kijana wa Kahama

Naweka kambi hapa. Mzee endelea.

Chuma_cha_Pua

Mkuu naheshimu ila hizi etimolojia za "linafanana kwa hiyo ndilo" zimetuletea shida sana humu ndani, juzi tu mtu alisema Kilimanjaro ni neno la Kihindi. Mimi niliwahi kusoma kwamba nemets linatokana na kabila la Wajerumani lililoitwa Nemetes, walikuwa wanaishi kando ya mto Rhine, Julius Caesar mwenyewe kawataja. Kwanini jina la watu litokane na ububu wakati kuna kabila lina jina hilohilo kasoro mwisho tu?

Mzee_wa_Podfak

Hoja nzuri Chuma, na hao Nemetes walikuwepo kweli. Caesar anawataja kwenye jeshi la Ariovistus, mwaka 58 KK huo, na mji wao ni ule unaoitwa leo Speyer. Lakini angalia ramani. Speyer iko magharibi kabisa mwa Ujerumani, karibu na Ufaransa. Waslavi wamekuja kupakana na Wajerumani upande wa mto Elbe na kule Danube karne kadhaa baadaye, wakati jina la Nemetes lilishazimika kitambo. Ingebidi Mslavi aruke makabila yote ya Kijerumani yaliyokuwa mlangoni kwake akachukue jina la kakabila kadogo ambako hajawahi kukaona, halafu kwa bahati tu jina hilo likaangukia sawasawa juu ya neno lake la bubu. Wanaisimu wengi hawaikubali hiyo.

Na kuna ushahidi mwingine ambao mimi naupenda kuliko huo wa ramani. Kwenye ile kumbukumbu ya kale ya Kiev, ya watawa, chini ya mwaka 1096 kuna habari za mtu wa Novgorod aliyemtuma kijana wake kaskazini mbali mpaka kwa watu wanaoitwa Yugra, kule upande wa milima ya Ural. Mwandishi anasema hao Yugra ni watu wa lugha "nem". Sasa hao hawana undugu wowote na Wajerumani, na wala hawakuwa mabubu maana habari yenyewe inasema waliongea na huyo kijana wakamsimulia maajabu ya milimani. Bubu hapo ni mtu ambaye maneno yake hayaeleweki. Anaongea ndio, ila kwako wewe ni kama hajasema kitu.

Kwa hiyo mwanzoni nemets hakuwa Mjerumani. Alikuwa mgeni yeyote ambaye lugha yake huambulii kitu. Mslavi akikutana na Mslavi mwenzake wa mbali walikuwa wanasikilizana kwa shida lakini wanasikilizana, akikutana na Mjerumani patupu. Na kwa upande wa magharibi mgeni aliyekuwa anakutana naye kila siku kwenye biashara na vita ni Mjerumani, basi jina likamng'ang'ania yeye.

Njoro_254

Hii imenichekesha vibaya juu mimi niko Debrecen, Hungaria, na huku Ujerumani wanaiita Németország, na bubu ni néma!! Nimekaa na haya maneno mawili mdomoni siku zote sikuwahi kuyaweka pamoja. Lakini si Kihungaria sio cha Kislavi? Hawa jamaa lugha yao haifanani na ya jirani yeyote, hiyo nimeisoma kwa machozi.

Mzee_wa_Podfak

Umeona Njoro. Kihungaria si cha Kislavi kabisa, ndugu zake ni kina Kifini na Kiestonia kwa mbali, na ndugu zake wa karibu zaidi ni Wakhanti na Wamansi wa Siberia, ambao ndio haohao Yugra niliowataja juu, dunia ndogo. Wahungaria walivyofika pale kwenye bonde la Danube mwishoni mwa karne ya 9 wakakuta Waslavi wanaishi hapo, wakaazima maneno mengi sana, na haya mawili yamo, bubu na Mjerumani, kila moja kivyake. Hapo kwenu angalia majina ya watu, Németh utalikuta kila mtaa, ni miongoni mwa majina ya ukoo yanayoongoza.

Waromania nao wakaazima, wao wanasema neamț, wengi nemți. Kwa Waslavi pia limeingia kwenye majina ya ukoo, yule mwandishi wa Kicheki Božena Němcová aliyeko kwenye noti yao ya koruna 500, mumewe aliitwa Němec. Na Boris Nemtsov yule mwanasiasa wa Urusi aliyepigwa risasi karibu na Kremlin 2015, jina ni lilelile.

Njoro_254

Aisee kuna mama hapa tunafanya naye kazi ni Németh, kesho namwambia jina lake ni Bi Bubu

Kijana wa Kahama

Utafukuzwa kazi ndugu yangu 😂

Mjukuu_wa_Pangani

Mzee nina swali, umesema zamani ni mgeni yeyote. Hadi lini? Maana babu zetu waliwaita Wadachi, kutoka Deutsch, wao walichukua jina la mwenyewe anavyojiita. Mrusi hakuona hilo?

Mzee_wa_Podfak

Hadi juzi tu kihistoria. Moscow kulikuwa na mtaa unaitwa Nemetskaya Sloboda, tuseme Kitongoji cha Wanemtsy. Mwaka 1652 Tsar Alexei Mikhailovich aliamuru wageni wa Ulaya wahamie huko, nje ya mji, kando ya mto Yauza, maana makasisi wa Kiorthodoksi walikuwa wanalalamika hawa watu wanachanganyika na waumini na wanawaharibu. Sasa ukitazama waliokuwa wanaishi humo utashangaa. Waholanzi, Wadenmark, Waingereza, na Wajerumani wamo. Patrick Gordon, jenerali, ni Mskoti. Franz Lefort, rafiki kipenzi wa Peter Mkuu, huyu ni wa Geneva, Uswisi. Wote nemtsy! Peter akiwa kijana alikuwa hatoki pale, anakunywa nao na kujifunza mambo ya meli na mizinga, na ukienda Moscow leo eneo la Lefortovo limechukua jina la huyo Mswisi.

Na Gogol, kwenye hadithi yake ya mkesha wa Krismasi ya 1832, aliona aeleze kabisa chini ya ukurasa kwamba kwao kule mtu yeyote aliyetoka nchi ya ugeni ni nemets, awe Mfaransa, awe Mswidi. Karne ya 19 hiyo bado watu wa vijijini wanaongea hivyo.

Kilicholibana neno likabaki kwa Mjerumani peke yake nadhani (hili ni la kwangu) ni kwamba hao wengine walikuja wachache na Wajerumani walikuja kwa wingi. Malkia Catherine wa Pili, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Stettin, binti wa Kijerumani kabisa, alitoa tangazo 1763 kuwaita wageni waje walime, maelfu wakaja wakakaa kando ya Volga. Sasa una vijiji na vijiji vya nemtsy, mwingine yeyote lazima umpe jina lake usichanganye. Hao ndio wale ambao Stalin aliwahamisha kwa nguvu 1941 kwenda Siberia na Kazakhstan, na mimi Voronezh nilisoma na mmoja ambaye bibi yake alizaliwa huko Kazakhstan kwa sababu hiyo. Kwenye vitambulisho vya Kisovieti palikuwa na sehemu ya taifa la mtu, kwao pameandikwa "nemets". Familia imekaa Urusi miaka 200, inaongea Kirusi kuliko wewe, bado ni bubu.

Chuma_cha_Pua

Hapo kwenye Yugra umenishika, nakubali. Lakini basi hata hili lingine linafuata: Waslavi wenyewe si ndio "watu wa neno"? Slovo ni neno kwa Kirusi. Yani sisi wenye maneno, wale mabubu. Imekaa vizuri sana.

Mzee_wa_Podfak

Imekaa vizuri mno, hapo ndipo mimi nawasha taa nyekundu 😀 Wengi wanaifundisha hivyo na inawezekana ikawa kweli, lakini haijatulia. Tatizo liko kwenye kimalizio. Slověninъ, jina la kale la Mslavi, lina kimalizio ambacho kwa kawaida kinakaa kwenye mahali. Polyane ni watu wa pole, uwanda. Drevlyane ni watu wa msituni, kutoka neno la mti. Kwa mtindo huo Slověne wangekuwa watu wa mahali fulani, ndio maana wapo wataalamu waliotafuta mto au bwawa lenye jina la kufanana na hilo. Hoja ya neno na ubishi wa mto vyote vipo mezani mpaka leo.

Jina lenyewe lilikuja kupata bahati mbaya kweli. Wagiriki wakalifanya Sklabenoi, Kilatini kikatoa sclavus, na kwa vile mateka wengi waliokuwa wanauzwa Ulaya zama za kati walikuwa Waslavi, sclavus ikawa mtumwa. Waitalia wa Venice walikuwa wanaagana kwa kusema "mtumwa wako", s-ciao, na hiyo ndiyo ciao mnayoandikiana huko WhatsApp.

Msomaji Mkimya

😳 ciao??

Binti_Maskati

Assalam alaykum. Mimi ni msomaji tu huwa sichangii lakini hapa imebidi. Nipo Oman, Kiarabu nimesomea, na Kiarabu Ujerumani ni Almaniya lakini AUSTRIA ndiyo inaitwa an-Namsa. Siku zote nikijiuliza hii Namsa imetoka wapi, haifanani na Austria wala na Österreich. Ndiyo hiyohiyo mzee?

Mzee_wa_Podfak

Wa alaykum salaam bi dada, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri, nilisema juu kwamba linatua Cairo. Ndiyo hiyohiyo. Waturuki wa Uthmaniya walilichukua kwa majirani na raia wao wa Kislavi kule Balkani, wakawa wanasema Nemçe. Na Mjerumani ambaye Sultani alikuwa anapigana naye ni yule mfalme wa ukoo wa Habsburg aliyekaa Vienna, walimzingira 1529, wakarudi tena 1683, kwa hiyo Nemçe kwao ikawa nchi ya huyo wa Vienna. Waarabu wakalichukua kwa maana hiyo. Waturuki wenyewe leo wameshalitupa, wanasema Avusturya, na Ujerumani Almanya. Kiarabu ndicho kimelihifadhi, nchi nzima inaitwa kwa Kiarabu neno la Kislavi la mabubu na wengi wanaolitamka hawajui.

Halafu cha kuchekesha, Wacheki ambao wanapakana na Austria na walitawaliwa na hao Habsburg karibu miaka 400, wao hawaiiti hivyo. Wanaiita Rakousko, kutoka jina la ngome moja ya mpakani, Raabs.

Binti_Maskati

SubhanAllah. Basi na mimi nilete la kwangu. Haya mambo ya kuita watu mabubu Waarabu nao wanayo. Ajam. Mzizi wake ni wa mtu asiyeongea kwa ufasaha, mnyama kwa Kiarabu cha zamani anaitwa ajmaa kwa sababu hasemi. Waarabu wakamwita kila asiye Mwarabu ajam, halafu likawabana zaidi Wafursi kwa sababu ndio jirani mkubwa, kama vile Mslavi na Mjerumani. Hata Qurani, Surat an-Nahl aya ya 103, imeweka lugha ya aajamiy upande mmoja na Kiarabu kilicho wazi upande mwingine. Na kamusi kwa Kiarabu ni muujam, mzizi huohuo, kazi yake ni kuondoa huo utata.

Sasa Kiswahili chetu Iran ya zamani tunaiitaje?

Mjukuu_wa_Pangani

UAJEMI!! Weee. Waajemi!

Mzee_wa_Podfak

Bi dada umemaliza kila kitu. Sikuwa nimeliwaza upande huo, nimekaa na nemets miaka yote na Waajemi ninao mdomoni tangu darasa la 4. Kwa hiyo Mswahili ana Uajemi na Mwarabu ana Namsa, wote wameletewa jina likiwa tayari limeshapikwa na mtu mwingine.

Binti_Maskati

Na msijione mmepona. Wasomi wanaoshughulika na maandishi ya kale, Kihausa au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanakiita Ajami. Zile tenzi za Lamu na Pate zilizoandikwa kwa herufi hizo, Ajami hizo. Bubu ni sisi pia 😄

Chuma_cha_Pua

Tenzi za Pate ububu? Wallahi huyo aliyetoa jina hakukaa kwenye baraza.

Kijana wa Kahama

Sasa Mjerumani mwenyewe anajiita nani na maana yake nini? Asije akawa anajiita mwenye sauti

Mzee_wa_Podfak

Kahama umeuliza kwa utani lakini hujakosea sana. Deutsch inatoka kwenye neno la zamani la "watu", lugha ya watu, yani ya wananchi wa kawaida tofauti na Kilatini cha kanisani. Kwenye maandishi linaanza kuonekana kama theodiscus, mwaka 786, kwenye barua ya kwenda kwa Papa, na linazungumzia lugha, halizungumzii kabila. Kwa hiyo hawa watu walijipa jina kutokana na lugha yao, na jirani wa mashariki akawapa jina kwa kuona hawana lugha. Wengine waliwaita kwa kabila lililokuwa mlangoni kwao, Mfaransa akachukua Waalemanni, Mfini akachukua Wasaksoni akasema Saksa. Mslavi tu ndiye aliyeangalia mdomo.

Na nikujibu lile la mwanzo, la Germaniya. Hilo ni neno la vitabuni, limeingia Kirusi kutoka Kilatini kama lilivyoingia kwetu, nemets ni la mtaani tangu enzi. Mwitalia naye yuko hivyohivyo, nchi Germania, mtu tedesco. Wabulgaria siku hizi wanasema germanets hata kwa mtu, nemets limekuwa la kizamani kidogo.

Mama_Ntilie_wa_Kraków

Nimechelewa lakini naomba niongeze la huku Poland. Nchi yenyewe inaitwa Niemcy, maana yake ni "Wajerumani" tu kwa wingi, ndiyo jina la nchi. Ukitaka kusema "Ujerumani" ukiwa na maana ya ndani ya nchi unasema w Niemczech, kimalizio cha zamani kimebaki hapo tu na kwenye majina ya Hungaria na Italia, mwalimu wa Kipolandi anakufokea mpaka unalia. Na sinema isiyo na sauti ni film niemy, sinema ya Kijerumani ni film niemiecki. Mwenzangu hosteli alitukaribisha tuangalie ya pili tukaenda tukijua ni ya kwanza, tukakuta watu wanaongea saa 2 nzima hatuelewi chochote.

Swali kwa Mzee, hiyo Italia huku ni Włochy. Nayo ni bubu wa aina gani?

Mzee_wa_Podfak

😂😂 Mama mmeonyeshwa nemets kwa vitendo.

Włochy hii ni nzuri maana inageuza kibao. Wajerumani wa kale nao walikuwa na neno la mgeni asiyeeleweka, walhaz, inadhaniwa lilianza kama jina la kabila moja la Wakelti, Volcae, halafu likatanuka likawa kila Mkelti na kila anayeongea Kilatini. Waliohamia Uingereza wakalibandika kwa wenyeji wakapatikana Wales, kule Ubelgiji ikawa Wallonia. Waslavi wakaliazima wakasema Vlah, wakawapa watu wa Balkani wanaoongea lugha za Kilatini, ndiyo Wallachia ya Romania, na Mpolandi akalipeleka mpaka Italia likawa Włochy. Mhungaria akalichukua kwa Mslavi akalikata mara mbili, olasz ni Mwitalia na oláh ni Mromania, Njoro atathibitisha.

Kwa hiyo neno la Mslavi la kumwita Mwitalia mgeni alifundishwa na yule aliyemwita bubu.

Njoro_254

Olasz nathibitisha, oláh ngoja nimuulize Bi Németh kabla sijamwambia lile lingine.